Sikio Langu Liondolewe Uwanjani

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Maji,

Salamu nyingi na heshima tele. Mimi ni mzima, ila sikio langu limeniponza, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya mtaa wetu, yule yule anayekuandikia kila mabomba yanapokauka, ambaye hujawahi kumjibu. Sikulaumu. Mimi nami wananchi wakija kulalamika huwaambia suala linashughulikiwa, nao hurudi makwao na ndoo tupu. Kwa utaratibu huo tumeishi kwa amani miaka yote.

Amani hiyo imevunjwa na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima unamwita Cheche. Alikuja kuniomba kibali cha kusimamisha sanamu kwenye uwanja ulio mbele ya ofisi ya kamati. Nilipokubali, akaomba achukue umbo la sikio langu la kulia kwa jasi. Mheshimiwa, ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi nilijua nachongwa mzima. Nikalala ubavu, nikamwagiwa jasi baridi mpaka shingoni bila kutikisika. Kesho yake nikanyoa, nikavaa koti, nikakaa sebuleni kumsubiri aje kuchukua pua.

Pua haijachukuliwa hadi leo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kilichosimamishwa ni sikio tupu. Ni la bati, limepita urefu wa mlango wa ofisi yangu, mifupa yake ni nondo, limepakwa rangi ya kuzuia kutu na kukitwa kwenye zege, nalo limelala chali kidogo ili likinge mvua. Maji hufuata mikunjo, huingia kwenye tundu lenye chujio, hushuka hadi kwenye tangi lililofukiwa ardhini. Bomba la kuchotea, linalovutwa kwa pampu ya mkono, limefungwa kwenye ndewe. Hata lile pengo la ukingoni nililoachiwa na mbwa nikiwa mdogo, Cheche amelitoa vile vile, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba ni sikio la mtu mwingine.

2. Linafanya kazi. Hili linaniuma kuliko la kwanza. Mvua moja tu, tangi likajaa. Kitu kisicho na bajeti, mhandisi wala semina kinatoa maji, ilhali bomba la idara yako, lililokatiwa utepe kwa tarumbeta na hotuba, halijatoa hata jasho. Unaona tunavyoumbuliwa?

3. Heshima yangu imekwisha. Watu hawasemi tena wanakwenda kuchota maji, wanasema wanakwenda kwa mwenyekiti. Majirani wananichungulia dirishani kuniuliza kama nimejaa. Mama muuza mitumba alinisimamisha sokoni, mbele za watu, akanipongeza eti siku hizi nimeanza kusikia.

4. Wameanza kulisemesha. Mtu akitega ndoo, huku ikijaa, analiegemea na kulimwagia shida zake zote: mwenye nyumba mkorofi, jino, mtoto asiyeshika masomo. Siku ya kusikiliza kero nakaa ofisini peke yangu na chai inapoa. Sikio halijibu, kweli, lakini hata mimi sikuwa najibu, na pale angalau wanaondoka na maji.

5. Cheche amelielekeza upande mvua inakotokea, na hivyo limeipa kisogo ofisi yako. Nilimtaka aligeuze kwa adabu. Akanijibu bila haya kwamba upande ule hajawahi kuona kitu kikitoka.

6. Mke wangu. Anakwenda kuchota maji na kukawia huko. Akirudi ananiandalia chakula, ananitakia heri, basi. Nikimuuliza habari, anasema mambo yake ameshayasema kwa anayesikia. Mheshimiwa, sikio ni langu! Inakuwaje sikio la mtu lijue ya mkewe kabla yake mwenyewe?

Kwa hiyo naomba ulete winchi uling'oe kabla mvua kubwa hazijaanza. Ikishindikana, basi liongezewe kichwa kizima, na koti. Wananchi wakiuliza maji yamekwenda wapi, tutawaambia suala linashughulikiwa.

Nisalimie karani wako wa mapokezi anayezipokea barua zangu kwa tabasamu lile lile, mhandisi aliyeko safarini, dereva wa boza la maji tusilolijua rangi, na wote nyumbani kwako, ambako nasikia maji hayakatiki.

Wako mtiifu, mwenye masikio mawili, moja likiwa uwanjani,

Mwenyekiti.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, nilikwenda kulipima sikio ili mjue winchi ya kuleta. Nikiwa nyuma yake, mke wangu akafika na ndoo. Bati lile linapeleka sauti vizuri mno. Alilieleza kwamba mgongo unamuuma tangu enzi za kupanda kilima na maji kichwani, kwamba mimi aliniambia, na kwamba nilimjibu suala linashughulikiwa. Niliona aibu, Mheshimiwa, nikatamani ardhi inimeze pamoja na tangi. Nikatoka, nikajitwika ile ndoo hadi nyumbani, na njia nzima ni yeye aliyeongea.

Basi, winchi usilete. Ila mtaa wa pili nao sasa unataka sikio lao, na Cheche anasema la kwangu la kushoto halikingi vizuri. Nimempa jina lako. Atakuja ofisini kwako na ndoo ya jasi. Ni baridi, lakini vumilia, usitikisike. Na usijisumbue kunyoa, pua haitahitajika.