Marufuku ya Nyusi

Jumatatu, 2 Septemba 2013. Bwera, mpakani.

Leo nimegundua siri ya Waingereza. Sisi tunapandisha mabega, tunatikisa kichwa. Kiungo kinatajwa wazi, hakuna la kuficha. Wao? Shrug, basi, mabega yamo ndani. Nod, kichwa kimemezwa chote. Watu wanaoficha kichwa ndani ya neno wanaficha mengi.

Ajabu zaidi: nyusi. Hapa kwetu ukimuuliza mtu kama ameelewa, anapandisha nyusi tu. Maana yake ndiyo. Nimepekua kamusi nzima, Mwingereza hana neno la hilo. Kwa hiyo anayepandisha nyusi darasani kwangu si mwanafunzi wa Kiingereza. Huenda ni jasusi wa Kiiza.

Kiiza ni mwanajeshi mstaafu. Naye anafundisha Kiingereza, karibu na kambi ya jeshi. Ijumaa Mama Kabugho, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko, atachagua mmoja kati yetu awe mwalimu wa watu wa soko. Nikishindwa narudi Hima kwa shemeji, kula kwa masimango.

Jumatano, 4 Septemba.

Nimepiga marufuku nyusi. Kuanzia leo ndiyo ni nod: kichwa chini, taratibu, kwa heshima.

Tefiro, muuza vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, akanung'unika. Eti, "Mwalimu, sasa Mungu alipea mutu nyusi ya kazi gani?" Nikamwambia ni za kuzuia jasho. Wenzake wakacheka, lakini wakatii. Mimi sikucheka. Kwa nini anazitetea nyusi hivyo? Nani kamtuma?

Nimesikia Kiiza anafundisha kwa amri tu: simama, kaa, piga magoti. Nimepumua. Watu wazima hawataki kuamrishwa.

Ijumaa, 6 Septemba.

Nimehujumiwa!

Mama Kabugho alikuja jioni, soko lilipofungwa. Akawauliza wanafunzi wangu kama wanataka niendelee kuwafundisha. Wote, hata Tefiro, wakainamisha vichwa. Taratibu, kwa heshima. Nod safi kabisa, machozi yalinilengalenga.

Mama Kabugho akawakagua nyusi, safu kwa safu. Hakuna hata moja iliyopanda. Vichwa vinashuka tu. Akawauliza tena, vikashuka tena. Akanivuta pembeni, akasema kwa huruma kwamba watu hawa wametoka sokoni wamechoka, na mimi ninawalaza usingizi. Darasa akampa Kiiza. Nilipoanza kumweleza habari za kichwa kilichofichwa ndani ya neno, akapiga mwayo.

Imeniuma. Niliwapenda wale watu. Ila najiuliza: nani alimfundisha Mama Kabugho kutazama nyusi? Kiiza. Nani mwingine?

Jumanne, 10 Septemba. Kikorongo.

Hima sikwenda. Nimepata chumba hapa njia panda, nyuma ya vibanda. Mabasi yanasimama, malori yanasimama, wanafunzi hawatakosa. Mlango wangu hauonekani kutoka barabarani, lakini Naome, anayechoma gonja, zile ndizi tamu, pale mbele, amekubali kuwaelekeza watu.

Kasoro moja. Anaelekeza kwa midomo, kama kila mtu huku. Anaichongoa upande wa mlango, basi. Nikapekua kamusi. Mwingereza hana neno! Nikamwambia akiulizwa darasa liko wapi, midomo itulie kabisa, anyooshe kidole kama mtu aliyesoma. Akapandisha nyusi. Nikamkanya na hilo pia.

Jioni. Nimekaa darasani tangu asubuhi. Hajaingia hata mmoja.

Nikachungulia kati ya vibanda. Mama mmoja alishuka kwenye basi, daftari mkononi, akamuuliza Naome jambo. Naome mikono yote miwili imejaa gonja za abiria. Midomo ameifumba. Nyusi hazitikisiki. Akamkodolea macho tu yule mama, jasho likimtoka. Mama akasubiri, akachoka, akarudi kwenye basi. Baadaye wakaja vijana wawili, mambo yakawa yale yale.

Sasa nimeelewa. Kiiza ameshamfikia Naome.