Mvua Iliyoyakimbia Maulidi

Alhamisi, 8 Januari

Mkutano wa kijiji, hapa Mtunda. Nimefika wa kwanza. Nimekaa nusu saa peke yangu na viti.

Mgeni ni kijana Saidy, afisa wa shirika moja la mazingira kutoka Dar es Salaam. Ana adabu, ila husema "changamoto" kila anapovuta pumzi. Ameleta kifaa cha plastiki chenye mistari, mfano wa chupa ya mtoto. Anakiita reingeji. Nimemsahihisha: kipimamvua. Akasema sawa mzee wangu, kipimamvua, yaani hii reingeji yetu.

Kifaa ni kimoja. Nyumba ni mia tatu. Kwa hiyo Jumamosi ya wiki ijayo patakuwa na mdahalo: je, mvua zetu zimebadilika au hazijabadilika? Atakayetoa hoja bora ndiye atakayesimikiwa kifaa uani kwake. Kila asubuhi saa tatu atasoma kipimo, ataandika na atatangaza.

Atatangaza. Neno hilo nimelipigia mstari. Tangu nistaafu ualimu, miaka tisa sasa, hakuna mtu anayeniuliza kitu isipokuwa saa. Kifaa kikiwa kwangu, kila mwenye jaruba la mpunga atapita barazani kuuliza apande au asubiri. "Mwalimu Abdulatifu anasemaje?" Hivyo ndivyo watakavyoulizana njiani.

Nikasimama kuuliza swali. Kwanza nikaeleza kwamba bango la shirika lina kosa. Wameandika "tabia nchi", maneno mawili. Ni tabianchi, neno moja. Nikaeleza kwa nini. Nilipofika kwenye swali lenyewe, watu walikuwa wanakunja mikeka.

Ijumaa, 9 Januari

Baada ya swala nimemwandama Bushiri, mnunuzi wa ufuta. Nilimfundisha darasa la tano. Hadi leo anasema "kitabu yangu". Naye anakitaka kifaa; anasema kitavutia wateja. Nikamwuliza, kwa upole, atasimama upande upi.

Akasema mvua hazijabadilika hata chembe. Tumebadilika sisi. Wazee walitangulia shambani, sisi tunalala mpaka jua litupige makalioni, kisha tunaisingizia dunia.

Kwa bahati mbaya hayo ndiyo maoni yangu ya miaka arobaini. Nimeyasema mbele yake si mara moja. Ameyachukua bila ruhusa, pamoja na makalio.

Siwezi kukaa upande mmoja na mtu asiyejua ngeli. Nikamjulisha kwamba mimi nitatetea upande wa pili: mvua zimebadilika, tena vibaya mno. Akacheka. Akasema haya Mwalimu wangu, tutaonana uwanjani.

Nimerudi nyumbani kutafuta sababu ya msimamo wangu.

Jumamosi, 10 Januari

Sababu haijapatikana.

Mama Subira, mke wangu, ananishauri nikawaulize wanaolima. Kwa mfano Mwamvua, ambaye jaruba lake liko kule chini kabisa kuelekea deltani, na ambaye msimu mzima hulala juu ya dungu akiamia ndege wasimalize mpunga. Anasema Mwamvua ameona mengi.

Nimemjibu kwamba hoja haziokotwi kwenye tope.

Akaniuliza wali niliokula mchana uliokotwa wapi.

Jumapili, 11 Januari

Imepatikana! Nimefungua sanduku la marehemu baba na kukuta daftari lake. Baba alikuwa mtu wa dini na hakutumia tarehe za ofisini. Ukurasa wa kwanza, mwaka 1394 wa Hijria, ameandika kwa hati safi: "Masika yameanza leo, siku saba kabla ya Maulidi. Alhamdulillahi. Mbuzi ameingia chumbani."

Kurasa zilizobaki ni tupu. Nadhani wino uliisha. Haidhuru. Ukweli hauhitaji kurudiwarudiwa.

Sasa nifikiri kwa utaratibu. Zamani masika na Maulidi yalikuwa chanda na pete. Je, Maulidi ya mwaka jana yalikuwa lini? Mwezi wa tisa. Kulikuwa na mvua? Kulikuwa na vumbi. Pilau ilikuwa na vumbi. Masika yalikuwa yamekuja na kwenda zake zamani.

Kwa hiyo mvua imeyakimbia Maulidi kwa miezi mitano na zaidi. Mitano! Wataalamu wanahangaika na siku kumi, mara wiki mbili. Mimi nimegundua miezi mitano nikiwa nimekaa juu ya sanduku.

Nikamwita Mama Subira nimsomee. Akaanza kusema, "Lakini Baba Subira, si Maulidi yenyewe ndiyo..." Nikamkatiza. Ugunduzi ukiwa mbichi haufai kushikwashikwa.

Jumanne, 13 Januari

Ikwiriri, kutoa nakala kubwa ya ule ukurasa ili uonekane na walio nyuma. Kijana wa duka la nakala akaniuliza kama ni kesi ya kiwanja. Nikamwambia ni kesi ya mbingu. Akasema basi karatasi nene ndiyo itafaa.

Mashine imekuza sehemu ya chini tu ya ukurasa. Nakala inasomeka kwa mbali sana: MBUZI AMEINGIA CHUMBANI. Nimetoa ya pili. Hii imeshika masika, imekata "siku saba". Ya tatu ni nzuri, isipokuwa kidole gumba cha kijana kimetokea kikubwa kuliko Maulidi.

Nimebandika ya pili na ya tatu pamoja. Mbuzi nimemkunja nyuma.

Jumatano, 14 Januari

Mbinu. Kila msemaji amepewa dakika tano. Nimekwenda kwa Bushiri na kumpa nasaha, kama mwalimu wake wa zamani. Nimemwambia msemaji mwenye malezi huanza kwa kuwaamkia wote waliohudhuria, mmoja mmoja, kwa cheo na kwa jina la baba. Akiacha mmoja ataonekana hana adabu.

Akanishukuru sana. Alikuwa karibu kulia. Nimemhesabia: watu themanini kwa sekunde nne. Muda wake utakwisha hajafika kwenye mvua.

Nimelala vizuri.

Jumamosi, 17 Januari

Nitaandika yaliyotokea kwa mpangilio, bila hasira.

Bushiri alitangulia. Aliamkia watu kwa dakika nne na nusu. Aliwaamkia wajane kwa majina ya waume zao. Alimkumbuka fundi baiskeli. Alimtaja mtoto aliyetahiriwa juzi na kumpa pole. Kila aliyetajwa alipiga makofi, na jamaa zake wakapiga vilevile. Kisha akasema, mvua ni ileile, sisi ndio wavivu, asanteni. Uwanja ukalipuka.

Mbinu yangu ilikuwa sahihi. Watu ndio waliokuwa na kasoro.

Nikafuata mimi. Bango bado lilisema "tabia nchi". Sikuweza kulipita. Nilitumia dakika mbili tu, labda tatu. Halafu nikakunjua nakala yangu. Nikasoma kwa sauti ya darasani. Nikauliza: masika ya baba yangu yalianza wiki moja kabla ya Maulidi, ya kwenu yanaanza lini? Nikawaambia miezi mitano. Saidy aliacha kuandika. Nilimwona Bushiri akijifuta jasho. Kwa muda wa kama sekunde kumi kifaa kilikuwa changu.

Ndipo Mwamvua akanyoosha mkono. Hakuwa msemaji. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, miguu ina tope. Akasema shikamoo Mwalimu, mimi nina swali dogo.

Nikamruhusu. Nilikuwa na ukarimu wa mshindi.

Akasema, "Mimi nimeolewa wiki ya Maulidi, mwaka 2007. Mvua ya masika hiyo, mume wangu kanibeba mgongoni, tope mpaka magotini. Katuangusha wote wawili, shela ikawa tambara la deki. Mwaka jana Maulidi hayohayo tumekula vumbi. Sasa Mwalimu, kinachotembea ni mvua au ni Maulidi?"

Nikamwambia afafanue.

Akasema, "Ramadhani tunafunga jua la kiangazi, miaka ikipita tunafunga na miavuli. Mwezi mwandamo unazungukaga mwaka mzima. Hilo hata mtoto wa chuoni kwa Sheikh anajua. Mvua haifuati Maulidi, Mwalimu wangu, haijaalikwa."

Walicheka. Sheikh alicheka akashika nguzo. Mama Subira alijifunika ukaya, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mtu wa nyuma akauliza kama mwaka wa lile daftari daku ya wazee ilikuwa saa sita mchana.

Nilitaka kuonyesha kwamba si "unazungukaga", ni "huzunguka". Karatasi ikanikunjukia mkononi. Wote wakasoma habari za mbuzi.

Saidy akamwomba Mwamvua aendelee, yeye anaonaje. Akasema yeye haangalii daftari, anaangalia nguzo ya dungu lake. Miaka kumi na minane sasa, kila mvua ya kwanza ya kupandia ikinyesha, anachanja alama na kuhesabu siku hadi ya pili. Zamani ya pili ilikuja ndani ya wiki. Siku hizi inapita wiki tatu, mbegu inaoza au inaliwa, kisha mvua inakuja yote kwa mkupuo mmoja. Na maji ya chumvi yanapanda hadi kwenye jaruba ambalo bibi yake alivuna mpunga. Kwa hiyo zimebadilika, akasema. Mwalimu amesema kweli, ila ameipitia njia ya porini.

Hapo hawakucheka. Wenye majaruba waliitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine.

Kifaa wamempa Mwamvua.

Upande niliousimamia umeshinda mdahalo. Nataka hili likumbukwe.

Jumatatu, 19 Januari

Kifaa kimesimikwa kwa Mwamvua, uwanjani, mbali na miti. Nimekwenda kutazama nikiwa na fimbo, kama mpita njia. Watu sita walikuwepo, na mvua haijanyesha. Wamekuja kutazama sifuri.

Mwamvua akaniita. Akasema Mwalimu una hati nzuri, karibu uwe unaniandikia vipimo, mimi nisome wewe uandike. Nikamjibu kwamba sijasoma miaka yote ile ili niwe karani wa chupa.

Mama Subira aliposikia aliniondolea fimbo mkononi, akaiegemeza mlangoni. Kisha akasema nilichokuwa nakitaka nimeletewa mlangoni nami nimekifukuza kwa fimbo.

Sikuelewa. Nilichokuwa nakitaka ni kutangaza.

Alhamisi, 22 Januari

Mvua imenyesha alfajiri. Nami nilikuwa tayari. Tangu jana nimeweka kipimamvua changu mwenyewe: ndoo ya lita ishirini na rula ya darasani. Kifaa kipana, cha kiume. Saa tatu kamili nimepima. Sentimita ishirini na tisa, yaani milimita mia mbili na tisini.

Nikapeleka mtu kuuliza kwa Mwamvua. Yeye amepata kumi na nne.

Kumi na nne! Mvua nzima ya alfajiri! Kile kichupa ni kibovu, nami nilishuku tangu mwanzo. Nimesimama barabarani na kutangaza kipimo sahihi. Nimewashauri walio bondeni wahamishe mpunga, kuku na wazazi. Mmoja amehamisha kuku. Nimemwandikia mtendaji wa kijiji barua ya kurasa tatu, nikionyesha kwamba kifaa cha shirika kinapoteza milimita mia mbili sabini na sita kwa siku, na kwamba wakulima watapotoshwa wasipande.

Mama Subira ameisoma barua. Akatoka nje, akaitazama ndoo, akatazama juu. Akasema, "Baba Subira, umeiweka chini ya mchirizi. Bati lote la nyumba linamwagia humu."

Nimemjibu kwamba ndiyo sababu nimeichagua sehemu hiyo. Mtu mwenye akili haendi kupima mvua mahali ambapo ni chache.