Maombi ya Sinki Lenye Viti Vinavyopeana Mgongo

Mwl. Ponsiano,
Kwedizinga, Handeni.
Septemba 1992

Kwa Ndugu Raymond,
Mwenye Duka la Vifaa vya Ulaya Vilivyotumika,
Nyuma ya Stendi, Korogwe.

YAH: KUOMBA KUBADILISHIWA SINKI LA KUOGEA LENYE MLANGO, LA WATU WAWILI

Ndugu Raymond,

Pokea salaam kutoka nchi kavu. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kama umekwisha kunisahau, mimi ni yule mwalimu mwenye upara aliyeingia dukani kwako na nyuzi mbili zenye mafundo, ukadhani nauza kamba. Ingekuwa si utani wetu, kwamba babu yako Mnyamwezi alikuja kukata mkonge kwetu akasahau njia ya kurudi kwao, barua hii ingeanza kwa maneno makali zaidi.

Nyuzi zile zilikuwa vipimo vya mama zangu. Kwa faida ya kumbukumbu, nina mama wawili, wote wajane wa marehemu baba. Mama Kudra, mke mkubwa, ni mtu wa hapa hapa Kwedizinga. Hakujaliwa kuzaa, lakini ndiye aliyenilea na kunipeleka shule. Mama Justa, mke mdogo, ni wa Bungu, kule milimani, na ndiye aliyenizaa. Magoti yalipomshinda nikamleta kwangu, miaka mingi sasa, kwa hiyo wote wako chini ya bati langu. Masika iliyopita Mama Kudra aliteleza kwenye jiwe la kuogea akavunjika nyonga. Nyonga imeunga, lakini mguu haunyanyuki kupita fundo la uzi uliouona. Mke wangu Edna ndiye anayewaogesha, naye mgongo ulikuwa umeanza kumlilia. Siku moja alimwinua Mama Justa, ambaye Mungu hakumnyima mwili, wakashuka chini wote wawili taratibu kama gunia linalotoboka, nikalazimika kuita jirani.

Wiki ile ile nikasikia Korogwe kumeshushwa kontena la vifaa vya wazee.

Nakiri kwamba ulinionyesha bidhaa kwa haki. Lilikuwepo sinki la mtu mmoja, kizingiti chake kiko chini ya fundo la Mama Kudra, safi kabisa, ila Mama Justa angeingia na asingetoka. Lilikuwepo la watu wawili ambalo viti vyake vinapeana mgongo, ukasema limekwisha nunuliwa na mtu wa hoteli. Na likawepo hili la tatu: mlango ubavuni, mpira mweusi kuzunguka mlango, vyuma vya kushikia, na viti viwili vinavyotazamana. Ukanipiga begani: "Mwalimu, hili ndilo lenyewe. Maji mamoja, watu wawili." Mimi ni mwalimu wa hesabu ninayeishi Handeni. Mtu akinitajia kugawanya maji kwa mbili, akili zangu nyingine zote huketi chini. Nikalichukua.

Lakini lipo swali moja hukuniuliza, ambalo muuzaji makini wa masinki ya watu wawili angeliuliza kabla hata ya kutaja bei: hao watu wawili wanasemezana?

Hawakuwa wanasemezana. Walinyamaziana tangu matanga ya baba. Mama Kudra alikuwa amejaza pipa zima la maji ya kupikia wafiwa. Mama Justa, aliyekulia mahali ambapo maji hupita mlangoni na kukuamkia, akalimaliza pipa lile kwa kusuguria masufuria. Mmoja akasema neno, mwingine akajibu mawili, na tangu hapo kimya. Wakati huo nilikuwa bado natumia kitana.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Maelekezo. Uliniambia, "Mlango kwanza, maji baadaye." Nilisikia, lakini kama wanafunzi wangu wanavyosikia. Nilijaza sinki kwanza, kama mtu yeyote mwenye akili anavyojaza ndoo, ndipo nikafungua mlango ili Mama Kudra aingie. Ndugu Raymond, maji waliyobeba punda wa Leboo, jirani yangu Mmasai, tangu alfajiri yalinipita miguuni, yakakata ua, yakaenda kuwasalimu kuku. Mama Kudra huoga kwa kata mbili, na ya pili huirudisha nusu. Nilitegemea atalia. Mama Justa, aliyekaa upande wa pili akisubiri zamu, akaanza kucheka. Mama Kudra akamtazama, akajizuia, akashindwa, naye akacheka. Mama zangu wakawa wanacheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kitu chenyewe ni mimi. Ile ilikuwa dalili mbaya. Sikuitilia maanani.

2. Kusubiri. Huko lilikotoka sinki hili bila shaka kuna mabomba, mtu anafunga mlango, anafungulia maji, anaoga, anavuta kizibo, anakwenda zake. Hapa wazee wawili wanaingizwa ndani na kanga zao, mlango unafungwa, halafu wanakaa kwenye sinki kavu wakitazamana, magoti yamegusana, wakisubiri punda watoke lamboni na maji. Leboo alisimama na fimbo yake akalitazama jambo hili kwa muda, akasema: "Mwalimu, ng'ombe wangu wanayafuata maji. Hawa wako wanakaa, maji yanawafuata."

Na kutoka ndiyo kazi zaidi. Mama Kudra amepiga marufuku kizibo kuvutwa. Maji yote lazima yachotwe ndoo kwa ndoo, haya ya migomba, haya ya matofali ya choo, na hayo ya chini kabisa ya kutuliza vumbi uani. Mlango haufunguliwi mpaka maji yaishe. Kwa hiyo wamefungiwa kabla ya maji na wamefungiwa baada ya maji. Binadamu anaweza kumnunia mwenzake aliye chumba cha pili hadi kaburini. Kumnunia mtu uliyegusana naye magoti asubuhi nzima ni kazi ya vijana.

3. Mazungumzo yaliyotokana na hilo la pili. Mimi ni mtoto wa kiume, sina ruhusa ya kuingia. Husimama nyuma ya ukuta nikimpokea Edna ndoo. Lakini ukuta wa udongo hauna siri. Siku za mwanzo ilikuwa "Mguu wako huo" na "Wako je?" Baadaye nikamsikia Mama Justa akisema, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua:

"Dada. Yale maji ya matanga uliyateka wapi?"

"Lamboni."

"Pipa lote? Na nani?"

"Na kichwa changu. Ninyi mlikaa mkalia. Mimi nililia njiani."

"Mbona hukusema?"

"Ulipoyamwaga nikajua unajua."

"Sikujua, dada. Kwetu pipa likiisha mtu anatoka nje anajaza jingine."

Kisha nikasikia maji yakimiminwa mgongoni kwa mtu, kwa kikombe, kidogo kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayegawa mafuta ya taa. Aliyekuwa akimimina ni mtu wa Bungu. Nilisahau kwamba nimeshika ndoo mpaka Edna akaniita mara ya tatu.

Katika kipengele hiki nimetafuta lalamiko sijalipata. Naendelea na cha nne.

4. Ajira. Katika miaka yote ya ukimya wao mimi ndiye niliyekuwa wakala pekee wa maneno kati ya pande mbili. Ilikuwa kazi ya ujuzi. Mama Kudra akisema, "Mwambie huyo mama yako kuku wake akigusa tena mtama wangu namchinja," mimi nilifikisha hivi: "Mama Kudra anamsifu kuku wako, amenenepa." Jibu likitoka, "Mwambie asinifundishe ufugaji," mimi nilirudisha: "Anashukuru." Hakuna aliyepungukiwa. Leo hii kila kukicha tunasikia mashirika ya umma yanafungwa, biashara ni huria, ruksa kila mtu kuagiza mwenyewe. Nilidhani mambo hayo yataishia kwenye sukari na vitenge. Sasa mama zangu wanaagiziana maneno moja kwa moja, bila usafirishaji, na mimi nimefilisiwa pasipo hata kiinua mgongo.

5. Chakula. Hili naliandika kwa uchungu. Kila mmoja wao alikuwa na desturi ya kuniita kwa siri jioni, "Ponsiano, pita hapa mwanangu," akanifunulia kibakuli. Kwa Mama Kudra nilikula, nikasema, "Mama, nyumba hii haina mpishi mwingine." Kwa Mama Justa nilikula, nikasema hivyo hivyo, maana ningesemaje? Halafu nikaenda kukaa mezani kwa Edna nikalalamika tumbo linanisumbua. Sasa fikiria wazee wawili waliofungiwa na maji, wamekwisha maliza habari za matanga na habari za baba, na Leboo bado yuko lamboni. Watazungumza nini? Walinizungumza mimi. Mama Justa akataja kibakuli. Mama Kudra akauliza, "Kibakuli gani?" Wakalinganisha tarehe, wakalinganisha sifa, neno kwa neno. Na Edna amesimama katikati yao na ndoo mkononi.

6. Siasa. Nchi yetu mwaka huu imeingia katika vyama vingi, na mimi kama mwalimu nimewaeleza wananchi faida zake. Nyumbani kwangu tulikuwa na vyama viwili imara vyenye upinzani wa kweli, kila kimoja kikinibembeleza nisihame. Wakati taifa linatoka kwenye chama kimoja, nyumba yangu imeingia. Mama Kudra mwenyekiti, Mama Justa makamu, Edna katibu. Upinzani niko peke yangu, na mkutano mkuu wao hufanyika ndani ya sinki lako ambamo siruhusiwi kuingia.

7. Edna. Tangu siku ya kibakuli hasemi nami. Simlaumu. Lakini sasa akitaka jambo humwambia mmoja wa mama zangu, naye huniletea. Jana nilisikia kwa masikio yangu Edna akisema jikoni maneno marefu kidogo, na Mama Justa akaja kunipa haya tu: "Mkeo anasema uvae kofia, jua kali." Ndugu Raymond, mimi nimeifanya kazi hii. Nalijua neno lililopunguzwa njiani. Edna hakusema kofia.

Kwa sababu hizo naomba unibadilishie sinki hili kwa lile lenye viti vinavyopeana mgongo. Yule mtu wa hoteli mshauri kwamba wageni wake watapenda kutazamana. Ikishindikana, nitumie fundi aweke ubao katikati, mrefu kupita vichwa. Nimepiga hesabu: wazee wangu wakipeana mgongo kwa muda wa kutosha, mmoja atasikia maji yakimwagika na hatajua nani kayamwaga. Hapo kununa kutarudi, mimi nitarudi kazini, vibakuli vitarudi, na Edna, akiwa amechoka kuishi kati ya pande mbili, atatafuta mtu wa kumnong'oneza. Mtu huyo nitakuwa mimi. Sioni hatua yenye kasoro.

Nisalimie mkeo na wote dukani, msalimie kijana wa mizani ya uzito hapo nje ambaye kila akinipima ananionea, na watani wote hapo stendi waambie Waziguwa bado tupo na bado tunawasamehe.

Wako katika ujenzi wa taifa, na kwa sasa katika uchotaji wa maji,

Mwl. Ponsiano

Nyongeza. Barua hii imechelewa kwa sababu ya gundi. Nilipoimaliza sikuwa na cha kufungia bahasha, nikamwomba Mama Justa aniombee kijiko cha uji mzito jikoni. Akaichukua bahasha yenyewe, akasema atanibandikia. Wazee hawajui kusoma. Edna anajua. Wameingizwa kwenye sinki, mlango umefungwa, Leboo hajafika, na Edna akawasomea yote tangu "salaam kutoka nchi kavu", mimi nikiwa nyuma ya ukuta na ndoo tupu.

Walikisikiliza kipengele cha tatu bila kikohozi. Kwenye cha saba Mama Kudra akasema, "Kofia! Justa, hukuweza kutafuta kingine?" Na mwisho kabisa, kwenye ubao wa katikati, akasema kwa sauti ya kunifikia, "Mwambieni huyo Raymond asijisumbue. Tukipeana mgongo, mgongo wangu atausugua nani?"

Nilichungulia kwenye ufa. Edna alikuwa amegeukia pembeni, karatasi kaiweka usoni, na mabega yanatikisika. Kucheka si kusema, najua. Lakini si kununa pia.

Kwa hiyo maombi ya hapo juu yafute. Lile la kupeana mgongo abaki nalo mtu wa hoteli, Mungu amsaidie. Ila ukishusha kontena jingine na ndani yake kukawa na sinki la watu wawili, viti vinavyotazamana, mlango unaobana sawasawa, nakuomba usimwonyeshe mtu. Niwekee mimi. Ni la mtu na mkewe. Vipimo nitakuja navyo mwenyewe, na Leboo nimekwisha kumwomba siku hiyo asiwaharakishe punda.