Wachumba wa Kimo Kimoja

Kwenye kompyuta, Mkasi alishika kona ya picha ya mhandisi, akaisukuma ndani taratibu, huku kidole cha mkono wa pili kikibana kitufe kinachozuia uso wa mtu usivutike ukawa boga. Picha ya mjane ilikuwa ndogo, ya mhandisi kubwa, na kadi ya uchumba haitaki mmoja aonekane mlima na mwenzake kichuguu. Alitaka zilingane kimo, azibandike ubavu kwa ubavu, kadi iende kuchapwa.

Jina la Mkasi alipewa na mji. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu wachumba, na ufundi wake ulikuwa kukata. Makapera wengi walimletea picha zenye mke pembeni. Yeye alimwondoa mke, akabaki na kapera safi. Hakuuliza maswali. Ndiyo heshima ya kazi.

Lakini hawa wawili walikuwa bahati ya pekee. Mjane alisema ana nyumba ya kupangisha, na siku akiolewa, chumba cha mbele kinachotazama barabara ni cha Mkasi, bure, maisha. Siku chache baadaye akaja mhandisi, suti imenyooka, anatafuta mke mtulivu.

Tatizo, kila mmoja alitaka kuhakikisha kuwa mwenzake hana njaa, ana mali yake. Hapo Mkasi akatumia akili nyingi kuliko zilizohitajika. Alimpelekea mjane makochi yake mwenyewe, akasema yametoka kwa mhandisi. Akamkabidhi mhandisi pikipiki yake mwenyewe, akasema imetoka kwa mjane.

"Ilikuwa ya marehemu," alimwambia.

Mhandisi aliinamisha kichwa. "Apumzike kwa amani. Matairi mapya haya?"

"Alikuwa mtu wa kujali."

Tangu siku hiyo Mkasi alitembea kwa miguu na kukalia ndoo, wala hakulalamika. Mtu ambaye chumba chake cha barabarani kiko njiani kinakuja anaweza kukalia ndoo.

Picha ikafika kimo. Akaiburuta karibu na ya mjane apime nafasi kati yao. Pazia nyuma ya mhandisi lilikuwa la maua. La mjane pia. Wanapenda vitu vilevile, akajiambia, ndoa hii itadumu. Akaisogeza tena. Nusu ua la upande huu likakutana na nusu ua la upande ule, likawa ua zima. Mkono wa mjane, uliokuwa umeishia ukingoni mwa picha, ukavuka mpaka, ukafika begani kwa mhandisi, ukavikuta vidole vyake wenyewe vinausubiri.

Mkasi aliondoa mikono kwenye kompyuta kama aliyeshika sufuria ya moto. Akampigia mjane simu. Akapokea mhandisi.

"Kaka Mkasi. Tulikuwa tunakutaja sasa hivi."

"Mjane yuko wapi?"

"Nyuma yangu, kanishika kiuno. Sema kwa sauti, upepo mwingi."

"Na marehemu ni nani?"

Injini ya pikipiki ikanguruma. "Marehemu ndiye mimi, kaka. Nimefufuka, nimekuta matairi mapya. Ahsante."

Sauti ya mwanamke ikadakia: "Mwambie makochi yanakalika vizuri. Lile dogo tu ndilo linalia."

"Nilikusudia kulitengeneza," Mkasi alisema, kabla hajakumbuka yaliyompata.

"Usijisumbue, shemeji. Tumeshaliuza."

Simu ikakatika.

Mkasi alibaki juu ya ndoo, anaitazama picha. Hata hivyo alikiri kwamba mkato ulikuwa safi. Yeye mwenyewe asingeweza kupita kati ya mkono na vidole kwa unadhifu ule. Kisha akawapitia makapera wengine waliojipanga kwenye kompyuta, kimo kimoja, upana mmoja, na kwa mara ya kwanza akajiuliza wenzao wako wapi, na wanakalia makochi ya nani. Kadi akaiacha ilivyo, haijaandikwa hata majina.

Mlango ukagongwa. Akaingia bwana mmoja mpole, kofia mkononi.

"Mimi ni kapera. Nimeambiwa unasaidia watu."

Mkasi akaipokea picha. Ilikuwa imeshakatwa, ukingo umenyooka kama rula.

"Leo nimefunga," alisema. "Njoo kesho, na uje na nusu ya pili."

"Nusu gani tena, kaka? Mimi sina mtu."

"Bila nusu ya pili sifanyi kazi."

Bwana yule akaizungusha kofia yake, akafikiri.

"Kesho mchana yuko kazini," alisema. "Labda tuje jioni."