Ombi la Kusogeza Mpaka Hatua Sita, Upite Nyuma ya Jiko Langu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mipaka,

Salamu kwako na kwa wote wanaokuletea mafaili. Mimi ni fundi cherehani. Nina mke mmoja, mama mkwe mmoja na nyumba moja, ambayo tangu mwezi uliopita iko katika miji miwili.

Wapima wako walikuja watatu, wapole, wakanywa chai yetu. Kisha wakapiga mstari mwekundu, ukapita koridoni, ukaingia chumbani ukakata kitanda katikati. Sebule ikawa Mji wa Juu, wenye lami na taa. Jiko likawa Mji wa Chini, wenye diwani. Mimi nalala Juu. Mke wangu, Chini. Sina kinyongo na rangi yenyewe, ni nzuri, imekataa kufutika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji. Bomba la Juu limefika sebuleni na kuishia hapo. Mke wangu alipokinga sufuria akaelekea jikoni, afisa wa maji alimzuia koridoni. Maji ya Juu, alisema, hayavuki mpaka bila kibali. Basi kwangu maji ya kunywa yanatoka bombani, na ya kuchemshia maharage yanatoka kisimani, mwendo wa nusu saa.

2. Taka. Gari la taka la Juu hupita kila Jumatatu. Msimamizi wake alifungua mfuko wetu, akainua ganda la kiazi, akauliza, "Hiki kimemenywa wapi?" Mimi nimelelewa kusema kweli. Taka zikarudishwa. Siku hizi tunamenyea viazi sebuleni mbele ya wateja, na bibi harusi mmoja ameondoka na ganda kwenye pindo la gauni.

3. Mama mkwe. Alianguka jikoni, akavunjika mkono. Chini hakuna gari la wagonjwa; la Juu lilifika upesi, namshukuru dereva. Lakini alikuwa na fomu, na fomu ilitaka kujua mgonjwa ameangukia mji gani. Mama mkwe, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nishikeni." Akatembea hadi sebuleni, akajilaza sakafuni taratibu. "Haya, nimeanguka. Andika." Dereva akaandika. Mheshimiwa, hapo sikucheka, na hadi leo sijacheka.

4. Diwani. Nilikwenda kumlilia diwani wa Chini. Chini sikumpata. Anaishi Juu, mtaa wa tatu kutoka kwangu, nyumba ya ghorofa. Akanieleza kwamba kutoka roshani yake anaiona Chini vizuri zaidi. Nilipanda nikatazama. Ni kweli, inaonekana yote, hata mke wangu akirudi na ndoo kichwani.

Kwa hayo, naomba mstari usogezwe hatua sita tu, upite nyuma ya jiko. Rangi nitatoa mwenyewe, na brashi. Wala sisemi haya kwa ajili ya tumbo langu. Sote ni binadamu, Mheshimiwa. Hakuna haki katika mpaka unaompa huyu maji na kumnyima aliye hatua mbili kutoka kwake. Mtu akianguka asiulizwe kaangukia wapi, ainuliwe.

Nisalimie makamu wako, karani wako, na yule mpima mrefu. Kofia aliyoisahau imeshafuliwa. Mama mkwe anakusalimu kwa mkono uliobaki mzima.

Wako mtiifu, mguu mmoja kila mji,
Fundi cherehani wa mpakani

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, jirani yangu wa nyuma, muuza mkaa, amepata habari za barua hii. Amekuja na watu wa kaya kumi na moja, anasema, "Fundi, waambie wasogeze hatua mia, na sisi tuingie." Mheshimiwa, wewe ni mtu mzima. Wote tukiwa Juu, hiyo Juu itakuwa juu ya nani? Sogeza zile sita, kisha simama hapo hapo, na badala ya rangi tumia matofali. Ukuta uwe mita nne. Ngazi ya muuza mkaa ni mita tatu na nusu. Nimeipima leo, maana bado iko kwangu tangu aliponiazima niezekee paa.