Malalamiko Kuhusu Damu ya Bijou

Kolwezi, Jumanne asubuhi

Kwa Mama Munganga Laurentine, daktari wa mifugo

Mama mheshimiwa,

Mimi ni Rémy Ngeleka, karani mstaafu wa reli. Ulimtoa damu mbwa wetu Bijou kwa ajili ya utafiti wako wa uvimbe wa matiti kwa mbwa jike. Nakuandikia kwa masikitiko, kwa sababu nne.

1. Bijou hakuwa mgonjwa. Siku hiyo alikuwa amemfukuza mwinjilisti hadi barabarani. Ukarudi kusema alama fulani katika damu yake imepanda, ila damu peke yake haitoshi, lazima umpapase. Ukapapasa, ukapata kivimbe kama punje ya mahindi. Mama, nani alikutuma kutafuta?

2. Tangu umpasue kukitoa kivimbe hicho, mke wangu Agnès anamlisha ndakala, wale samaki wadogo watamu. Mimi nakula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo.

3. Jirani yetu Stany, mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi, alinipigia kelele mbele ya watu: "Tata Rémy, imbwa yako iko na munganga, weye uko na nani?"

4. Hili ndilo kubwa. Zamani ugonjwa ulisubiri mpaka uonekane, ndipo watu wakalia kwa utaratibu. Sisi tumelia mapema, mgonjwa akapona, na machozi yetu yamekwenda bure.

Kwa hiyo naomba umrudishie Bijou damu yake na kufuta matokeo. Ikishindikana, nipime na mimi, unipatie ugonjwa mdogo unaostahili ndakala.

Wasalimie wote hapo kliniki, hasa yule bwana aliyemshika Bijou akang'atwa badala yangu.

Ni mimi, ninayekuheshimu pamoja na hayo yote,
Rémy Ngeleka

Nyongeza, Ijumaa: Nilimsomea Agnès barua hii kabla ya kuifunga. Hakucheka. Alisema, "Rémy, na miye niko na kivimbe ku kifua. Sasa miezi mbili. Niliogopa." Tulienda hospitali saa ileile. Jana wametujibu: si saratani, watamfuatilia tu. Njiani nilimuuliza nini kilimpa moyo wa kusema. Akajibu, "Niliona Bijou ilipasuliwa, na sasa inasimama."

Mama Munganga, chana ukurasa wa kwanza. Nimeutuma tu kwa sababu mwandiko wake umetoka vizuri.