Uzito wa Moyo Mtupu

Jumatatu, 3 Juni

Baridi ya kiangazi. Vumbi limekaa juu ya mizani ya malori kama unga wa muhogo. Baada ya chakula nikasinzia tena. Lori lilikuwa juu ya mizani, dereva anasubiri nisome uzito, na mimi nilikuwa mbali, natembea juu ya maji ya Lualaba, viatu vikavu.

Tata Ngeleka, mkuu wetu, alinigusa bega kwa kalamu. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema nafasi ya karani katika ofisi ya Manika iko wazi, na atakayeipata ni mimi au Badibanga. Ijumaa tutapimwa afya. Asiye na cheti cha afya abaki hapa mizanini.

Ofisi ya Manika! Pazia dirishani. Hakuna lori. Hakuna dereva wa kunionyesha ngumi kupitia kioo. Ninawaogopa madereva, na wao wanajua.

Badibanga, mwenzangu wa meza ya pili, hasinzii kamwe. Lazima nijue anakula nini.

Jumanne, 4 Juni

Nimejua. Ni makasu, zile mbegu chungu za mti wa kola ambazo madereva hutafuna wakielekea mpakani. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, nikidhani atakana. Alifungua droo, akanipa mfuko mzima. Kamata yote, mudogo, alisema, mi niliacha. Aliniambia kwamba mama wa kwenye zahanati alimsemesha maneno fulani. Maneno gani, sikuuliza. Ukipewa zawadi huulizi mengi.

Badibanga ni mtu mwema lakini hana akili. Amempa mpinzani wake silaha.

Nilitafuna kipande baada ya chakula. Uchungu kama wa kwinini, kisha nyuma ya uchungu utamu mdogo, kisha mchana wote ukafunguka. Nilisoma namba za malori yakiwa bado kwenye kona. Tata Ngeleka alipita mara mbili kuniangalia. Mara zote mbili nilikuwa nimeshamwangalia mimi.

Jumatano, 5 Juni

Mimi nilisoma biolojia na kemia. Sitafuni kitu nisichokielewa. Nimekumbuka somo. Seli za ubongo zikifanya kazi kutwa, huacha kitu kiitwacho adenosini. Hicho ndicho hubisha hodi kwenye seli na kusema: inatosha, pumzika. Kafeini iliyo ndani ya makasu imefanana nacho kwa umbo. Huja mapema, hukaa kwenye kiti chake mlangoni, na hainyamazishi uchovu. Huuzuia tu kuingia. Uchovu wote unabaki nje, na unaongezeka.

Niliyaona haya kwa macho yangu leo saa nane, nikiwa nimeketi wima. Mtaa wa nyumba ndogo ndogo za matofali, kama zile walizojengewa babu zetu walipoletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Kila mlango una mgeni kwenye kiti, kimya, miguu ameikunja. Na barabarani wajumbe wa usingizi, wengi, kofia mikononi, vumbi hadi magotini. Hawakulalamika. Mmoja alinitazama kama anayenifahamu. Nilitaka kumletea maji.

Honi. Dereva akaniuliza, weye karani, uko nalala macho wazi? Nilikuwa nimemwandikia uzito wa lori lililomtangulia. Nilirekebisha. Mkono ulitetemeka kidogo. Nikatafuna kipande kingine kuutuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Haukutulia. Tumbo linawaka. Meno yamekuwa rangi ya vumbi jekundu la barabara ya Mutshatsha. Usiku sikulala, nilisikiliza moyo ukipita na kurudi, kama mtu anayetafuta funguo zake. Nikijilaza kitandani, moyo uko juu. Nikikaa, uko juu. Kesho mama wa zahanati atauhesabu.

Nilitaka kuacha. Lakini nikiacha leo, kesho nitasinzia mbele yake.

Kisha, nikiwa namwandikia dereva karatasi yake, suluhisho likanijia, zuri, jeupe, kama karatasi yenyewe. Lori lenye mzigo halionewi. Tunalipima likiwa tupu, tunalipima likiwa limejaa, tunatoa. Uzito wa lori tupu tunauita tare, na hakuna anayeugombania. Basi na moyo una tare yake! Mapigo yaliyozidi si yangu, ni ya makasu. Yatolewe tu.

Nimefurahi mno. Nimetafuna vipande viwili.

Ijumaa, 7 Juni

Badibanga aliingia kwanza. Alitoka na cheti, akipiga mluzi.

Mama Marlène, muuguzi, ni mnene na mpole na ana miwani ya kamba. Alinifunga kile kitambaa cha kupima presha mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akakijaza tena. Moyo yako iko nakimbia, tata, alisema, nani anakufukuza? Nikamweleza kwa utaratibu. Nilimwambia asiandike bado; kwanza tukubaliane juu ya tare. Nilimwomba atoe sehemu ya makasu, abakize moyo wenyewe.

Alivua miwani. Alisema moyo haiko kamyo. Mzigo wa lori unashushwa na lori linabaki vilevile. Mzigo huu moyo ndio unaubeba, na mishipa, na tumbo, na usiku wako wote. Kisha akacheka mpaka akashika meza, akamwita mwenzake aje amwone karani wa mizani.

Hakunipa cheti. Hakuninyima pia. Alisema niache makasu kabisa, nilale, nirudi Jumanne asubuhi. Akaongeza kwamba yeye ndiye aliyemwambia Badibanga maneno hayo hayo mwaka jana, na Badibanga alisikia.

Sioni Badibanga anahusika vipi hapa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeacha. Kichwa kimefungwa kwa waya. Wageni wameondoka milangoni, viti vitupu, na wajumbe wanaingia wote kwa pamoja, wanafuta miguu, wanaomba radhi kwa kuchelewa. Nililala wakati wa mahubiri. Nililala nikiwa nimesimama kwenye wimbo. Mama yangu alisema niachwe.

Jumanne, 11 Juni

Nilifika zahanati mapema sana. Moyo ulikuwa mtulivu kama bakuli. Niliogopa kwamba ukiuona ule mlango utaanza kukimbia tena, hivyo nikazunguka nyuma ya jengo, nikakaa juani, mahali ambapo mlango hauonekani. Ukuta ulikuwa na joto. Mjumbe mmoja, yule anayenifahamu, akaja kuketi kando yangu, akaweka kofia yake juu ya goti langu.

Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili, na Mama Marlène alikuwa anafunga mlango. Alisema ameniita mpaka wagonjwa wakamwomba apumzike. Sasa moyo wangu ulikuwa unakimbia kweli, bila makasu yoyote.

Tata Ngeleka alikuwa ameshapeleka jina Manika. La Badibanga.

Jumatano, 12 Juni

Badibanga ameaga. Alinikumbatia, akasema tubaki ndugu, akaniachia droo yake. Tupu. Amevaa shati jeupe. Huko Manika litabaki jeupe.

Nimekaa nikafikiri kwa makini, kama mtu aliyesoma. Nilipotafuna, nilifika kwa muuguzi nikiwa macho. Nilipoacha, nililala na kazi ikapita. Badibanga naye alitafuna miaka, na tazameni alipofika. Ushahidi hauna tatizo. Kosa langu lilikuwa kuacha.

Dereva mmoja wa asubuhi alikuwa na makasu meupe. Nimeijaza droo.

Kule mtaani wageni wanarudi kwenye viti vyao. Wajumbe wametoka nje, bila ugomvi, wamevua kofia. Nimewaomba wavumilie kidogo tu. Tata Ngeleka anasema Septemba kutakuwa na nafasi nyingine.